Cefalù, San Vito, Sciacca au Marzamemi: wawili walale wapi pwani ya Sisilia?

Kukubaliana kwenda Sisilia ni rahisi. Kazi inaanza mnapofungua ramani: kisiwa kikubwa takriban mara kumi ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja, na pembeni mwake kote miji midogo ya bahari ambayo kwenye picha ni ile ile. Kanisa, mashua za rangi, maji ya samawati, mzee kakalia kiti cha plastiki mlangoni. Mkishafika ndipo mnaona tofauti, na kwa kawaida mmeshalipia chumba.

Hapa nalinganisha miji minne, kila mmoja wa upande wake wa kisiwa. Cefalù uko kaskazini, kilomita kama 70 mashariki ya Palermo. San Vito Lo Capo uko kwenye ncha ya kaskazini-magharibi, mkoa wa Trapani. Sciacca ni bandari ya wavuvi kusini-magharibi, ukitazamana na Tunisia. Ndio mkubwa kuliko yote, wakazi wapata 40,000, lakini mienendo yake ni ya mji mdogo. Marzamemi ni kijiji tu, sehemu ya manispaa ya Pachino, kusini-mashariki kabisa. Taormina nimeiacha makusudi. Imekaa mlimani, bahari unaiangalia kutoka roshani, na anayeitaka hahitaji ulinganisho wa mtu.

Ninavyopima

Wawili wakipanga safari, mara nyingi mji huchaguliwa na yule mwenye hamu kubwa zaidi. Mimi napima kwa yule mwenye hamu ndogo. Mimi ni mtu wa Tanga, nikiona maji naingia. Mume wangu amekulia Dodoma, na kwake bahari ni kitu cha kutazama ukiwa umevaa viatu. Mji unaonifaa mimi tu humchosha yeye kufikia siku ya pili, na yeye akishanuna, hata ufuo wangu haunogi.

Kwa hiyo naangalia mambo sita. Usafiri: mtahitaji gari, na nani ataliendesha? Bahari yenyewe: mchanga au miamba, kina kifupi au kirefu, bure au kwa kulipia? Siku ya asiyeogelea: kuna nini cha kufanya mbali na maji, hasa zile saa za mchana, kuanzia saa saba hadi saa kumi na kuendelea, maduka yanapofungwa na mji mzima kulala? Chakula, pamoja na hali ya asiyekula nguruwe au asiyegusa pombe. Msimu na mfuko. Mwisho, jioni, maana ndiyo sehemu ya siku ambayo wawili huwa pamoja bila mabishano.

Uzuri sikuuweka. Yote minne ni mizuri, na sijaona uzuri wa mji ukisuluhisha watu wawili wenye joto na njaa.

Usafiri

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au nchi jirani anahitaji visa ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu; mtabadilisha njiani, mara nyingi Roma au Istanbul. Uwanja wa Palermo unahudumia vizuri Cefalù, San Vito na Sciacca. Wa Marzamemi ashuke Catania. Upo pia uwanja mdogo wa Trapani, karibu na San Vito, kama mnaunganisha na ndege za bei nafuu kutoka bara la Italia.

Cefalù ndio mji wa wasio na gari. Kutoka uwanja wa Palermo unapanda treni hadi stesheni kuu ya mjini, unabadilisha, na ndani ya saa moja au pungufu umeshuka Cefalù. Kutoka stesheni hadi mji mkongwe ni mwendo wa miguu wa dakika kumi na kitu, na hata mkivuta masanduku hamtahitaji teksi. Kama mna tiketi ya karatasi ya treni za mkoa, igongeni muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Mkaguzi hasikilizi hadithi za ugeni.

San Vito haina reli. Kuna mabasi kutoka Palermo na kutoka Trapani, mengi kiangazi na machache miezi mingine. Lakini ukishafika, mji ni tambarare na kila kitu kiko karibu, miguu na baiskeli vinatosha kabisa. Gari linahitajika tu kwa safari za kutoka.

Sciacca ilikuwa na reli nyembamba ya zamani iliyofungwa miaka ya 1980. Siku hizi ni basi kutoka Palermo, mwendo wa takriban saa mbili, au gari lenu. Mji wenyewe uko juu ya jabali na bandari iko chini, na kati yake ni ngazi. Mwenye magoti mabaya aambiwe mapema.

Marzamemi ndio mgumu. Reli ya kutoka Noto kwenda Pachino ilifungwa mwaka 1986. Basi linawafikisha Pachino, kilomita chache kutoka baharini, na hapo mnaanza kutafutana na wenye magari. Wanaoweza bila gari wapo, ila nusu ya raha ya eneo hili iko nje ya kijiji, na bila gari mtaikosa.

Sasa kuhusu gari lenyewe. Italia wanaendesha kulia. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea kushoto, wakati ndugu zetu wa Congo, Rwanda na Burundi hawatahangaika. Leseni ya nyumbani peke yake haitoshi, chukueni na kibali cha kimataifa cha udereva kabla ya kuondoka. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, hivyo otomatiki iombeni mapema. Kwenye mitaa ya zamani kuna maeneo yenye alama ya ZTL, ambayo gari la mgeni haliruhusiwi kuingia saa fulani, na askari wake ni kamera. Faini inapitia kampuni ya magari, nayo inaongeza ada yake, mpaka inawakuta nyumbani mmeshasahau safari. Kwenye maegesho, mstari wa buluu ni wa kulipia, mweupe ni wa bure, wa njano si wenu.

Bahari

Kwanza jambo ambalo mtu wa pwani yetu hulishangaa: hapa hakuna kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua. Maji yako pale pale asubuhi na jioni. Hupangi siku yako kwa bamvua, na hakuna wanawake wanaokwenda kuokota pweza miambani maji yakitoka. Jambo la pili ni baridi. Mwezi wa Mei bahari ina nyuzi kama 18 au 19, na mwili uliozoea Bahari ya Hindi utapiga kelele. Septemba maji bado yana joto lote la kiangazi. Kwa kuoga, ndio mwezi wangu.

Kwa ufuo mtupu, San Vito haina mpinzani kati ya hii minne. Mchanga ni mweupe, umejikunja chini ya Monte Monaco, mlima wa mita 532 unaosimama wima juu ya mji, na maji ni mafupi kwa umbali mrefu. Asiyejua kuogelea anaweza kwenda mbele hadi kiunoni na bado akaonekana jasiri. Hata Mdodoma wangu alivua viatu.

Cefalù una ufuo wa mchanga ulioanzia chini kabisa ya nyumba za kale. Unaogelea huku kanisa la karne ya 12 likikutazama. Tatizo ni wembamba wake na wingi wa watu. Julai na Agosti taulo zinagusana.

Hapa na San Vito, sehemu ya ufuo imegawiwa kwa wenye viti vya kulalia na miavuli, na inalipiwa kwa siku. Sehemu nyingine ni ya bure, njoo na kanga yako. Safu za mbele karibu na maji huwa ghali zaidi, na mimi sijaona kwa nini.

Marzamemi kijijini hapana ufuo wa maana, ni miamba na gati. Mchanga mzuri uko San Lorenzo, kilomita chache kaskazini, na ndani ya hifadhi ya Vendicari, ambako unatembea kwa miguu kupita mabwawa ya chumvi hadi kwenye ghuba. Ukienda kusini, upande wa Portopalo, kuna Isola delle Correnti, kisiwa kidogo kwenye pembe ya kisiwa kikubwa. Pembe hiyo iko kusini kuliko jiji la Tunis, ingawa watu wengi hudhani Afrika yote iko chini ya Ulaya yote.

Sciacca ina mchanga wa rangi ya dhahabu chini ya majabali, upande wa San Marco na kwingineko, ila hakuna unaoufikia kwa urahisi kutoka katikati ya mji bila gari au subira ya basi. Faida yake ni nafasi. Hata msimu wa watu, ukiendesha kidogo unapata mahali pa kupumua.

Siku ya asiyeogelea

Hapa Cefalù na Sciacca zinaziacha zile mbili mbali, kila moja kwa namna yake.

Kanisa kuu la Cefalù lilianza kujengwa mwaka 1131 kwa amri ya Ruggero wa Pili, mfalme Mnormani. Ndani, juu ya madhabahu, kuna picha kubwa ya Kristo iliyotengenezwa kwa vijiwe vya rangi na dhahabu, kazi ya mafundi wa mtindo wa Kibizanti, na maandishi yake yanataja mwaka 1148. Tangu 2015 kanisa hili limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na majengo ya Palermo na Monreale. Kuingia kanisani ni bure, tiketi ni ya minara na ua wa ndani. Mfalme huyo huyo ndiye aliyempa kazi al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyeishi kwenye kasri lake Palermo, ya kuandika kitabu cha nchi zote za dunia zilizojulikana. Kilikamilika mwaka 1154, na ndani yake zimo Malindi na Mombasa. Nilipomwambia hivyo mume wangu tulikaa kwenye benchi la kanisa muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Mbali na kanisa kuna La Rocca, jabali la mita 270 nyuma ya mji. Linapandwa kwa miguu, kwa tiketi, asubuhi mapema kabla jua halijakomaa. Juu kuna mabaki ya hekalu linaloitwa la Diana na kuta za ngome. Chini mjini kuna mahali pa kufulia pa mawe, pa enzi za kati, ambapo maji ya kijito bado yanapita. Na kuna jumba la makumbusho la Mandralisca, lenye picha ya mtu asiyejulikana iliyochorwa na Antonello da Messina katika karne ya 15. Yule bwana anatabasamu kama anayejua deni lako. Angalieni saa zao kabla ya kwenda, ili mkimbilie humo wakati wa jua kali.

Sciacca haina jengo moja linaloshinda mengine. Utajiri wake ni wa mji unaofanya kazi. Bandari ni ya kweli, mashua zinarudi na dagaa kwa makreti, na viwanda vya kusindika samaki viko pale pale. Wafinyanzi wana maduka yao mitaani, na vigae vya rangi vimepambwa hadi kwenye ngazi. Kuna vinyozi, mafundi viatu, wazee wanaobishana. Nje kidogo kuna bustani inayoitwa Castello Incantato, ambamo Filippo Bentivegna, mtu wa mji huo, alichonga mamia ya vichwa vya watu kwenye mawe na miti. Wenzake walimwona kichaa. Leo wanauza tiketi.

Na kuna hadithi ambayo kila mwenyeji ataisimulia akipata nafasi. Mwaka 1831 volkano ilitoa kisiwa kipya baharini mbele ya Sciacca. Waingereza wakapandisha bendera wakakiita Graham, wafalme wa ukoo wa Bourbon, watawala wa Sisilia wakati huo, wakakiita Ferdinandea, Wafaransa nao wakakiita Julia. Wakati mabwana hao wanaandikiana barua, mawimbi yalikuwa yanakila kisiwa, na kabla mwaka mpya haujatulia kilikuwa kimezama. Kipo hadi leo, mita kadhaa chini ya maji, bila mwenyewe.

Tahadhari moja: Sciacca ilijulikana kwa maji ya moto ya tiba, na vitabu vya zamani vya wasafiri bado vinayasifu. Bafu zile kuu zilifungwa mwaka 2015. Msiende kwa ajili yake bila kuhakikisha.

San Vito kuna kanisa la mtakatifu wa mji, lililojengwa kama ngome kwa sababu ya maharamia, na kulizunguka ni nusu saa. Baada ya hapo asiyeogelea inabidi atembee. Jirani kuna hifadhi ya Zingaro, ya kwanza kuanzishwa Sisilia, mwaka 1981, baada ya wananchi kuandamana Mei 1980 kupinga barabara iliyokuwa ipasuliwe ufuoni. Barabara haikujengwa. Kuna njia ya miguu ya kilomita kama saba hadi upande wa Scopello, ikipita juu ya ghuba ndogo ndogo na katikati ya miti mifupi ya porini ya jamii ya mitende. Kivuli ni kidogo mno, bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani. Moto uliiunguza vibaya Agosti 2020 na hatari hiyo hurudi kila kiangazi, kwa hiyo ulizeni kama iko wazi. Wenye gari wana Erice, mji wa mawe juu ya mlima, na Trapani yenye mashamba ya chumvi.

Marzamemi ni uwanja mmoja wenye jumba la mtawala wa Villadorata, makanisa mawili ya mtakatifu mmoja, lile la kale na lile jipya, na vijumba vya wavuvi vya mawe ya manjano vilivyokuwa sehemu ya kituo cha kunasia jodari. Kabla ya kikombe cha kahawa kupoa umeshauona wote. Lakini Noto iko karibu, mji uliojengwa upya wote baada ya tetemeko la 1693, na Vendicari ina ndege, hata flamingo, kwa anayependa darubini kuliko maji. Asiyeogelea mwenye gari hapa ana siku tatu nzuri. Asiyeogelea asiye na gari ana mchana mmoja.

Chakula

Wote wanne wanakula samaki, na kwa hilo mtu wa pwani hatalala njaa. Tofauti ziko kwenye mkono.

San Vito na mkoa mzima wa Trapani wanapika kuskusi. Ngano inasokotwa kwa vidole na maji hadi iwe punje, inapikwa kwa mvuke kwenye chungu chenye matundu, kisha inanyweshwa mchuzi wa samaki wa miambani. Ni urithi wa jirani yao Tunisia na wa Waarabu walioingia kisiwani mwaka 827. Kila Septemba kuna tamasha la kuskusi, tangu mwaka 1998, na wapishi wanatoka nchi mbalimbali. Mkipenda watu na muziki, nendeni wakati huo. Mkipenda kulala, kimbieni. Kitindamlo cha San Vito, caldofreddo, ni aiskrimu iliyomwagiwa chokoleti ya moto, na keki iliyo chini yake hulowekwa kwenye rum.

Marzamemi ni jodari: mbichi, wa kukaushwa, wa kwenye mafuta, na mayai yake yaliyogandamizwa kwa chumvi ambayo hukwanguliwa juu ya tambi. Pembeni kuna nyanya ndogo za Pachino, tamu sana, ambazo wageni hudhani ni za enzi na enzi. Mbegu yake ililetwa kutoka Israel mwaka 1989. Chakula ni kitamu, ila meza za uwanjani zinalipisha mandhari. Ingieni uchochoro wa nyuma.

Sciacca unakula dagaa na kamba kama walivyotoka majini, kwa bei ambayo imewekwa kwa ajili ya wenyeji. Tafuteni tabisca, mkate mnene wa mviringo uliorefushwa, wenye dagaa wa chumvi, vitunguu, nyanya na jibini. Kwa thamani ya fedha yenu, hapa ndipo nilipokula vizuri zaidi. Mume wangu anabisha, kura yake iko kwa kuskusi.

Cefalù ina migahawa mingi na wastani wake ni wa kawaida, maana wageni hawarudi mara ya pili na mpishi anajua. Chakula chake cha asili ni pasta a taianu, tambi zenye nyama, mbilingani na jibini ndani ya chungu cha udongo, zinazopikwa hasa kwa sikukuu ya mji, tarehe 6 Agosti. Ulizeni ni nyama gani.

Kwa Waislamu: samaki ni salama, lakini vingine si dhahiri. Ganda la cannoli kwa kawaida hukandwa na mvinyo wa Marsala na mafuta ya nguruwe. Vitu vya kukaangwa wakati mwingine hukaangwa kwa mafuta hayo hayo. Zile tufe za wali wa kukaanga mara nyingi huwa na nyama mchanganyiko. Vitamu vya lozi na barafu tamu ya lozi au ndimu, inayoliwa na mkate laini asubuhi, mara nyingi ndivyo kimbilio. Mkate wenyewe ulizeni. Hesabu ikija, kuna malipo madogo ya kukaa mezani kwa kila mtu, euro mbili au tatu. Hamjaibiwa.

Msimu na mfuko

Agosti, hasa wiki ya tarehe 15, Waitalia wote wako baharini. San Vito na Cefalù hufurika na bei za vyumba hupaa. Marzamemi hujaa usiku kwa watu wanaokuja na magari kutoka Siracusa na Catania. Sciacca huongezeka kidogo tu.

Novemba hadi Machi mambo yanageuka. Marzamemi na San Vito hufungwa karibu kabisa, mnaweza kukosa hata pa kula. Cefalù hubaki nusu macho, kwa sababu ya treni na Palermo. Sciacca haijali, wakazi wake wapo mwaka mzima, na kabla ya Kwaresima wana kanivali yenye magari makubwa ya sanamu za karatasi ambayo mji mzima huitengeneza kwa miezi.

Kwa bei, kwa mpangilio wa kawaida wa kiangazi, Cefalù na San Vito ziko juu, Marzamemi inafuata kwa sababu vyumba ni vichache, Sciacca iko chini. Juu ya bei ya chumba, miji mingi hudai kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku.

Jioni

Mji unaamka saa kumi na moja, na chakula cha usiku kabla ya saa mbili ni cha wagonjwa na wageni. Katikati yake ni matembezi: watu wanavaa, wanatembea kwenda na kurudi mtaa ule ule, wanasalimiana.

Cefalù hufanya hivi hadi kwenye gati la zamani, jua likizama mbele yenu. Ni jioni ya picha, na mtakuwa wengi wenye wazo hilo. San Vito ni mtaa mmoja wenye maduka, watoto na aiskrimu, kelele ya furaha. Sciacca wanakusanyika Piazza Scandaliato, kibaraza kikubwa juu ya bandari, na wengi mtakaowaona ni wenyeji. Marzamemi, uwanja ukiwashwa taa na mawe yakigeuka rangi ya asali, unazishinda zote kwa mahaba, mradi mmelala hapo hapo na si Jumamosi ya Agosti.

Wawili weusi kwenye mji mdogo mtatazamwa, Sciacca na Pachino kuliko kwingine kwa sababu watalii wa kwetu ni wachache. Kwetu ilikuwa udadisi zaidi, na "buonasera" ikitangulia kutoka kwenu, nyuso hufunguka. Nakala ya pasipoti iwe mfukoni.

Kwa hali yenu

Kama hakuna anayetaka kuendesha, ni Cefalù, na hata kama mmoja anapenda ufuo kuliko mwenzake, Palermo iko treni moja kwa siku ya mawingu.

Kama nyote wawili ni watu wa maji na mnataka siku tano za kutofikiri, San Vito, Juni au Septemba. Kama mmoja tu ndiye wa maji, San Vito bado inawezekana, mradi huyo mwingine anapenda kutembea milimani. Kama anachopenda ni majengo na hadithi, mtaonana vibaya.

Kama mmoja anapenda picha, ndege, kijiji kidogo na usiku wa kimya, na mwingine yuko tayari kushika usukani, Marzamemi, Mei au mwisho wa Septemba. Fungate linafaa hapa kuliko mahali pengine popote kwenye orodha hii. Wiki mbili mfululizo hazifai.

Kama mfuko ni mwembamba, au mnasafiri miezi ya baridi kwa sababu likizo ndiyo iliyopatikana, au mmechoka kuwa watalii, Sciacca. Mahekalu ya Selinunte yako upande mmoja na ya Agrigento upande wa pili, kila moja ni safari ya kwenda na kurudi siku ile ile.

Kama ni mwaka wenu wa ishirini wa ndoa na mnabishana kila kitu, gaweni: Cefalù usiku tatu kwa treni, kisha gari, kisha San Vito au Sciacca. Marzamemi msiichanganye na hizi kwenye wiki moja, maana ni kuvuka kisiwa kizima. Iunganisheni na Noto na Siracusa, mshuke na kuondokea Catania. Na gari mlikodi siku mnayoondoka Cefalù, si siku mnayofika. Maegesho ya pale yatawalia hela bure.